Ubao wa Ghala la Baba

Erdington, Birmingham
9 Machi 2024

Kaka Mugambi,

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu imetushinda mimi na wewe. Tangu tumzike Baba, kila tukipigiana lazima mmoja amkatie mwenzake, na mara nyingi huyo mmoja ni wewe. Barua huwezi kuikatia katikati. Ukiikunja itakungoja mezani na maneno yake yote.

Leo sina ugomvi, nina ombi.

Wodini kwetu kuna mama anaitwa Gertrude, ana miaka tisini na mmoja. Miguu imekataa na kumbukumbu inakuja na kwenda. Watoto wake anawachanganya majina, lakini shamba alilozaliwa, kwenye njia ya kwenda Coleshill, hajasahau konde hata moja. Kila konde lilikuwa na jina lake: la Mbigili, la Mjane, la Farasi Kipofu. Sasa pale ni maghala ya makampuni na barabara kuu. Mpwa wake aliyeolewa Amerika alimtumia picha za wakulima wa huko. Wanachukua ubao mkubwa wa mraba, wanaupaka rangi kwa mtindo wa lile blanketi la kushonwa kwa viraka, halafu wanautundika juu ya mlango wa ghala. Anayepita barabarani anajua hapa ni kwa nani. Basi Gertrude naye akataka wake. Pritesh, anayewaandalia wazee kazi za mikono, akaleta ubao, na mimi namshikia brashi. Kila kiraka ni konde moja la kwao.

Nikafikiria ghala la mahindi la Baba, lile la mbao, na mlango wake mkavu usio na kitu. Nataka kupaka ubao wa kutundika pale. Naomba unipe vitu viwili: historia ya shamba tangu Babu, na mchoro wa shamba lilivyo leo, kila kipande mahali pake. Wewe ni mwalimu, kuchora mistari hakukushindi.

Nimechoka sana siku hizi, Mugambi. Huu ubao ndio kitu pekee ninachokifanya bila kuugua.

Msalimie Mama. Mwambie niko salama.

Dada yako,
Kendi


Nkubu, Meru
2 Aprili 2024

Dada Kendi,

Barua imefika ikiwa imelowa pembe moja, lakini inasomeka. Hospitali yenu ina raha kweli, wauguzi wanapaka rangi! Hapa Nkubu ukimkuta muuguzi ameshika brashi, ujue anapiga deki.

Historia unayo nusu, nitakupa nusu nyingine. Babu M'Ikiara hakuwa na shamba moja. Alikuwa na vipande saba vilivyotawanyika, kimoja juu ya kilima, kingine ng'ambo ya mto, kingine kando ya makaburi ya watu asiowajua. Halafu serikali ya wakoloni ikaamua kila mtu akusanyiwe ardhi yake mahali pamoja. Wakaja na kamba na vigingi, wakampa hapa tulipo. Babu alifurahi. Nyanya hakufurahi, kwa sababu viazi vikuu vyake vilikuwa ng'ambo ya mto na kipande hicho kikaenda kwa mtu mwingine. Baba alinisimulia kwamba kwa miaka miwili Nyanya aliendelea kuvuka mto kwenda kuchimba viazi vyake kwenye shamba la watu, na mwenye shamba alikuwa akigeuka upande wa pili mpaka amalize. Hakuna aliyemuuliza Nyanya kabla ya kupima.

Kahawa aliipanda Babu, chai ikaja na Baba. Ghala lilijengwa mwaka uliozaliwa wewe, kwa sababu mwaka huo mahindi yalikubali mpaka yakakosa pa kuwekwa. Hilo Baba alilisema kila wewe ulipofunga shule.

Mchoro nitautafuta. Mvua imeanza, na ng'ombe mmoja anachechemea.

Kaka yako,
Mugambi


Erdington
27 Aprili 2024

Mwalimu,

Nimekusoma mara nne. Nilipofika kwa Nyanya na viazi vyake nililia, kisha nikacheka kwa sababu nilikuwa ndani ya basi na mzee mmoja wa Kisomali akanipa kitambaa na kuniambia, "Pole dada, nani amefariki?" Nikamwambia ni nyanya yangu. Sikuwa na nguvu ya kueleza kwamba ni miaka arobaini iliyopita.

Ubao ninao tayari, nimeupaka rangi nyeupe ya chini mara mbili. Rangi nimechagua: kijani cha chai, kahawia ya kahawa ikianikwa, nyekundu ya udongo wa njiani. Nimepaka kiraka cha Babu na cha Nyanya. Vilivyobaki vinangoja mchoro wako.

Ng'ombe anachechemea, lakini mkono wako hauchechemei. Mchoro, Mwalimu.

Kendi


Nkubu
14 Mei 2024

Wifi Kendi,

Hujambo mama? Ni mimi Kerubo. Kaka yako anasema ana kazi nyingi, na hizo kazi zenyewe ni kukaa barazani akimtazama ng'ombe ambaye alishapona. Nimeona aibu uombe kitu mara mbili kutoka Ulaya.

Ramani ya mpimaji iko kwenye kabati la sebuleni. Nimeweka karatasi ya kuokea keki juu yake, nikafuatisha mistari kwa penseli. Majina nimeandika kama yalivyoandikwa kule, usije ukachanganya: juu kwa barabara ni shemeji Cleopas, katikati pamoja na ghala ni Mugambi, chini mtoni ni Mama mpaka Mungu atakapomwita, halafu patagawanywa kwa hao wawili. Ule mstari mwembamba ni njia ya ng'ombe.

Korti ya urithi wa Baba ni tarehe 25 Julai, halafu kila mtu ataenda kungoja hati yake. Tumshukuru Mungu mambo yamekwenda bila kelele. Kwetu Kisii ndugu zangu walipigana mpaka mmoja akang'oa mlango.

Ubao upendeze wifi. Nitautundika mwenyewe.

Wako,
Kerubo


Erdington
3 Juni 2024

Mugambi,

Mchoro nimeupata. Mkeo ana mkono mzuri.

Nilikuwa nao kazini, nimeutandaza juu ya magoti ya Gertrude ili anisaidie kuchagua rangi. Siku hiyo akili yake ilikuwa imetulia. Akafuata mistari kwa kidole, kipande kwa kipande, akiuliza hiki cha nani, hiki cha nani. Nikamjibu. Alipomaliza akaniangalia akasema, "And which one's yours, bab?" Yaani, na chako ni kipi? "Bab" ndivyo wanavyomwita mtu hapa Birmingham wakimpenda. Nikainama nitafute. Nilitafuta kweli, kama mtu aliyeangusha sindano. Nikageuza karatasi nione kama kuna kitu nyuma.

Sipo, Mugambi. Kuna nafasi ya njia ya ng'ombe, mimi sina.

Sitaki kelele. Nataka uniambie kwa mdomo wako mwenyewe, yaani kwa kalamu yako mwenyewe, imekuwaje.

Kendi


Nkubu
17 Juni 2024

Kendi,

Kerubo hakujua. Usimlaumu, aliamini nilishakueleza. Nimekaa na barua yako siku tatu.

Uliweka saini. Siku ile unaondoka baada ya mazishi, kwenye boneti ya gari, nilikupa karatasi za korti ukaandika jina lako mara mbili. Moja ilikuwa ya kufungua faili. Nyingine ilikuwa ya kusema hutaki sehemu.

Utasema hukusoma, na ni kweli. Dereva alikuwa akipiga honi, wewe ulikuwa ukilia, nami nilikufungulia ukurasa wa mwisho kwanza. Sikukudanganya kwa neno. Lakini mimi nimesahihisha mitihani miaka thelathini na moja, najua udanganyifu unavyoonekana hata pale mtu asipotamka neno.

Sasa nisikilize na mimi. Ardhi ni ndogo. Ukiigawa mara tatu, kila mmoja anabaki na kitu cha kupanda sukuma wiki tu. Cleopas ana watoto wanne na hana kazi ya maana huko Nairobi. Mimi nina hii na pensheni. Wewe una nyumba yako ya matofali, tumeiona kwenye picha kila Krismasi, mlango mwekundu na maua. Una kazi ya hospitali. Una pasipoti yao. Tulijiuliza, Kendi atataka nini na kahawa? Na usifikiri umetupwa. Ukifikwa na lolote, nafasi ya kaburi hutakosa, kando ya Baba.

Usichochee jambo kabla ya tarehe 25. Mama afya yake si nzuri, na vita vya watoto vitammaliza.

Mugambi


Erdington
6 Julai 2024

Mugambi,

Barua hii nampa Haroun mwenye duka la simu hapa High Street. Anaruka kesho, ataiweka kwenye basi la Meru. Posta itachelewa na mimi siwezi kuchelewa.

Ile nyumba yenye mlango mwekundu ni ya Roselyne, mwenye nyumba wangu. Mimi nimepanga chumba cha nyuma, juu, dirisha linatazama mapipa ya taka. Mwaka wa kwanza nilipiga picha pale mlangoni kwa sababu maua yalikuwa mazuri. Mkanipongeza kwa simu, wote, mpaka Mama akapiga vigelegele, nikashindwa kuwarudisha nyuma. Mwaka uliofuata nikasimama tena palepale. Nimefanya hivyo mara kumi na mbili.

Hakuna wodi pia. Sijawahi kuwa sista wa hospitali. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Nawaosha, nawalisha, nawageuza kitandani. Ni kazi halali na sioni aibu nikiwa hapa. Aibu inanishika nikiongea na ninyi tu. Na hata hiyo kazi inaisha. Mgongo umekataa. Daktari amesema nisiinue mtu tena, na kwenye ile nyumba asiyeinua mtu hana shughuli. Wamenipa mpaka Desemba.

Kwa hiyo uliponitoa kwenye shamba ulimtoa mtu wa kwenye picha, na picha nilizituma mwenyewe. Hilo nakubali, nabeba. Ila ule ukurasa wa mwisho utaubeba wewe.

Nimechoka, kaka yangu. Nina miaka hamsini na moja. Sitaki pale barabarani kwa Cleopas, wala mtoni kwa Mama. Nataka mahali pa kujenga vyumba viwili na kufuga kuku. Umenitengea nafasi ya kaburi. Mimi naomba nafasi ya jiko.

Tarehe 25 hakimu atauliza kama kuna mwenye neno. Mimi siwezi kufika. Inuka wewe useme.

Kendi


Nkubu
28 Julai 2024

Dada Kendi,

Barua ilifika tarehe 10. Nilikwenda nayo kortini kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Hakimu aliuliza kama kuna mwenye neno. Sikuinuka. Ningependa kukuandikia kwamba nilikuwa nataka kuinuka, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nahesabu vigae vya sakafuni nikiomba swali lipite. Cleopas alikuwa kando yangu na suti ya kuazima. Swali likapita.

Ndipo hakimu akamgeukia Mama, kama wanavyofanya, kumuuliza mjane kama ameridhika. Unajua Mama tangu Baba aende haongei mbele ya watu. Wakili alikuwa amemfundisha aseme ndiyo. Akashika ukingo wa benchi, akainuka, akasema kwa Kimeru na karani akatafsiri: "Mimi nilizaa watatu. Naona wawili ndio wamegawiwa. Yule mwingine mnaniambia nilimzalia wapi?"

Wakili akatoa karatasi yako ya saini. Mama akasema, "Mtoto wangu hajawahi kukataa kwao. Aliyemsainisha aniangalie." Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa hapo. Nikainua macho, Kendi, kwa sababu ningekosa kuinua wakati ule nisingemwangalia tena maisha yangu yote.

Hakimu amerudisha mambo nyuma. Mgao ufanywe upya, na wewe uhojiwe kwa njia ya video.

Jioni nilimwambia Mama yote uliyoniandikia, nyumba, kazi, mgongo. Nilidhani ataanguka. Akaendelea kuchambua maharagwe. Akasema, "Mwenye nyumba hupiga picha akiwa jikoni kwake. Huyu miaka yote amesimama mlangoni kama mgeni. Nilikuwa nangoja aseme." Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema hatukumuuliza.

Sina cha kujitetea.

Mugambi


Erdington
22 Agosti 2024

Mugambi,

Gertrude amefariki Jumapili. Kijana wake mkubwa alikuja na gari, akachukua televisheni na saa ya ukutani. Ubao aliuacha, akasema hana ukuta wa kutosha. Pritesh na mimi tumeutundika kwenye korido. Chini yake Pritesh ameandika majina ya makonde yote, na wageni husimama kuyasoma.

Nimesoma yako. Mama alikuwa anajua! Miaka kumi na miwili nimevaa koti zuri la Roselyne kwenye picha ili nimdanganye mwanamke aliyekuwa anaona kila kitu. Nimecheka peke yangu mpaka mgongo ukauma.

Lakini hukuinuka. Mwanamke wa miaka themanini na mbili aliinuka, na wewe ulikuwa na barua yangu kifuani. Siwezi kuandika zaidi leo.

Kendi


Nkubu
12 Oktoba 2024

Dada Kendi,

Hukuniandikia tena, na sikutegemea uandike. Kwenye video uliongea vizuri na hakimu. Ulipoulizwa kama una kinyongo ukasema "kidogo", karani alicheka.

Sasa nikueleze ya jana. Cleopas alikataa katakata kusogea hata hatua moja. Sikubishana naye, ana watoto wanne. Kipande chako kimetoka kwangu, upande wa ghala mpaka kwenye mfereji. Kerubo ndiye aliyechagua upande. Mimi nilikuwa nataka kukupa kule kwenye mawe, akanitazama mara moja tu.

Mpimaji alisema atafika saa mbili, akafika saa tano, na mvua. Unajua kwetu mpimaji akipima, kila mwenye kipande husimama kwenye kona yake. Asiyesimama, jirani humsogezea jiwe la mpaka kwa mguu huku akimsalimia. Cleopas alisimama kwake. Mama aliwekewa kiti na mwavuli. Kwangu nilimwacha Kerubo.

Mimi nilisimama kwako. Nilishika kigingi mpaka mpimaji alipomaliza kona zote nne, nikihama naye kutoka kona hadi kona, mvua ikiniingia shingoni. Wakati mmoja Cleopas alipiga kelele kutoka juu, "Mwalimu, hiyo si yako!" Nikamjibu kwa sauti ambayo watu wa ng'ambo ya mto walisikia kwamba ni ya Kendi, na Kendi ametuma mtu.

Najua haiondoi ile ya kortini. Nimekuandikia ujue tu kwamba mawe yako yamezikwa, manne, na nimeyakanyaga mwenyewe mpaka yakakaza.

Leo nina mafua makubwa.

Mugambi


Erdington
31 Oktoba 2024

Kaka Mugambi,

Kunywa tangawizi, na usimwache Kerubo akupe zile dawa zake za ng'ombe.

Barua yako imenikuta natoka zamu, miguu imevimba, nikaisomea kwenye ngazi kwa Roselyne kabla sijavua koti. Roselyne akauliza kuna msiba gani tena. Nikamwambia hapana, kaka yangu amenyeshewa.

Bado nina hasira na wewe. Nimejaribu kuitafuta ile ya mwezi wa nane yenye ukali wote, sikuiona; imebaki hii ya kawaida, ya kugombana nawe jikoni, na hiyo sitaki iishe.

Mwezi wa Desemba kazi ikiisha nakuja. Mgongo utanisumbua kwenye ndege, lakini hata hapa unanisumbua. Ubao nauacha haujakamilika. Nitaubeba kwenye sanduku na nitaumalizia hukohuko, nikiwa nimesimama mahali penyewe. Nitalala kwa Mama mpaka vyumba vyangu vipate paa. Mwambie Kerubo asitoe zile shuka nzuri, wala asinitayarishie chumba cha wageni.

Kendi